Miji 39 na kura moja: jinsi watafiti wa tiba ya familia walivyoipima programu ya presha Ontario

Idara ya tiba ya familia inaweza kuchapisha makala thelathini kwa mwaka na bado isiwe na programu ya utafiti. Daktari mmoja anachunguza kikohozi cha watoto, mwingine maumivu ya mgongo, wa tatu anaandika kuhusu mafunzo ya wanafunzi. Kila mmoja akihama, kazi yake inahama naye. Programu ya utafiti ni kitu kingine. Ni swali moja linaloshikwa kwa miaka mingi, jaribio dogo likitengeneza njia ya jaribio kubwa, na watu wa fani tofauti wakigawana kazi: daktari, mfamasia, muuguzi, mtakwimu, mtu wa uhamasishaji wa afya.

Kisa kinachochambuliwa hapa ni programu ya uhamasishaji wa afya ya moyo iitwayo CHAP, iliyolelewa na watafiti wa Idara ya Tiba ya Familia ya Chuo Kikuu cha McMaster, mjini Hamilton katika jimbo la Ontario, Kanada, pamoja na wenzao wa Ottawa na kwingineko. Matokeo ya jaribio lake kubwa yalichapishwa mwaka 2011 katika jarida la BMJ, mwandishi wa kwanza akiwa Janusz Kaczorowski. Wengi wanalikumbuka kwa takwimu moja: kulazwa hospitalini kwa magonjwa ya moyo na mishipa kulipungua kwa asilimia 9. Chenye thamani zaidi kwa mtu anayejenga idara ni uamuzi uliofanywa kabla ya mashine hata moja ya presha kuwashwa, yaani nini kihesabiwe, na nani anayekihesabu tayari.

Tatizo lilivyokuwa

Presha ya kupanda haina dalili. Mzee anaweza kuishi nayo miaka kumi bila kuumwa kichwa, kisha akaanguka kwa kiharusi. Daktari wa familia ndiye anayetarajiwa kuigundua, lakini anakabiliwa na mambo mawili. Kwanza muda: ziara ya dakika kumi ina malalamiko matatu ndani yake, na presha inapimwa mara moja, haraka haraka, mgonjwa akiwa ndiyo kwanza amekaa. Pili, kipimo chenyewe kinadanganya. Watu wengi presha yao hupanda mbele ya daktari, hali iitwayo presha ya koti jeupe, na mpimaji anayetumia mashine ya mkono huwa na tabia ya kukamilisha namba: 138 inaandikwa 140, 142 nayo inaandikwa 140. Ukikusanya kumbukumbu za kliniki utakuta namba zinazoishia na sifuri zimezidi kuliko bahati inavyoweza kueleza.

Upande wa pili kuna mfamasia. Mzee anayetumia dawa za kudumu anafika famasi mara nyingi kuliko anavyofika kwa daktari. Anaingia bila miadi, hasubiri kuitwa jina, na mara nyingi anajulikana. Kwa hiyo wazo la CHAP likawa rahisi kulieleza: wazee wa miaka 65 na zaidi waalikwe kwenye vikao katika famasi za mji wao, wapimwe presha kwa mashine inayojiendesha, wajibu maswali kuhusu hatari nyingine za moyo, na majibu yaende sehemu tatu: kwa mzee mwenyewe, kwa daktari wake wa familia na kwa mfamasia wake. Vikao viendeshwe na watu wa kujitolea wa rika lao, chini ya usimamizi wa muuguzi wa jamii, na kila mji uwe na asasi ya mahali hapo inayobeba dhamana.

Wazo rahisi namna hii huvutia haraka, na hatari yake iko hapo hapo. Idara nyingi zingeanza kupima mwezi unaofuata na kuandika ripoti baada ya mwaka. Hawa walianza na majaribio madogo. Kwa mfano, walilinganisha barua na simu kama njia ya kuwaalika wagonjwa wazee wa madaktari wa familia. Simu ilileta watu wengi zaidi, ila inahitaji mtu wa kupiga, na muda wa mtu una bei. Jambo dogo kama hili ndilo linaloamua kama jaribio kubwa litajaza viti au litakaa na mashine na wafanyakazi bila wahudhuriaji.

Ndani ya kikao kimoja

Jaribio kubwa lilifanyika mwaka 2006. Miji 20 ilipata programu kwa wiki 10. Vikao vilikuwa vya saa tatu tatu. Jumla vilifanyika vikao 1,265 katika famasi 129 kati ya 145 za miji hiyo. Watu wa kujitolea walikuwa 577. Wazee 15,889 walipimwa, na vipimo vyote kwa jumla vilikuwa 27,358.

Namba hizi zinastahili kugawanywa, maana ndani yake mna mpango mzima wa kazi. Vikao 1,265 kwa famasi 129 ni karibu 10 kwa kila famasi, yaani kimoja kwa wiki. Vipimo 27,358 kwa vikao 1,265 ni karibu 22 kwa kikao. Sasa weka saa mezani: kikao kina dakika 180, hivyo kila mtu ana dakika 8 na kidogo. Lakini kipimo kizuri cha presha kinataka mtu akae ametulia dakika 5 kwanza, kisha mashine ifanye kazi yake kwa dakika 5 au 6. Hizo ni dakika 11. Kwa mashine moja, isiyosimama kabisa, unapata watu 16. Anayeiga mpango huu kwa mashine moja kwa kikao atajikuta saa ya pili ana foleni ya wazee waliosimama, na mzee aliyetoka kusimama kwenye foleni presha yake si ile tuliyokuja kuitafuta. Zinatakiwa mashine mbili, au viti vya kupumzikia vilivyotengwa ili mmoja atulie wakati mwingine anapimwa.

Mashine iliyotumika, BpTRU ya Kanada, ilikuwa na utaratibu wake: inapima mara sita mfululizo, inatupa kipimo cha kwanza, inatoa wastani wa vitano vinavyobaki. Mtu wa kujitolea anafunga mkanda mkononi, anahakikisha kipimo cha kwanza kimepita sawa, kisha anasogea pembeni na kumwacha mzee akae peke yake bila mazungumzo. Kutupa kipimo cha kwanza si mapambo. Ndicho kinachobeba mshtuko wa mkanda kukaza na kuwapo kwa mtu mgeni, na kwa kawaida ndicho kikubwa kuliko vyote. Wastani wa vitano unapunguza mtikisiko wa namba, na kwa kuwa mashine inajiandikia, ile tabia ya kukamilisha namba inakufa. Ndiyo sababu kizingiti cha presha kwa njia hii huwekwa 135/85, badala ya 140/90 ya chumba cha daktari.

Makosa ya kikao ni yale yale kila mahali. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unaongeza presha ya uongo. Kwa hiyo kila kituo kinahitaji angalau saizi mbili, na mtu wa kujitolea afundishwe kupima mzingo wa mkono kwa tepu badala ya kukisia kwa macho. Mkono unaoning'inia bila kuegemezwa usawa wa moyo unaongeza pia. Miguu iliyopishanishwa, kibofu kilichojaa, sigara au kahawa ya nusu saa iliyopita, yote yanaingia kwenye namba. Na kosa kubwa kuliko yote katika kituo cha watu wa rika moja ni maongezi: watu wanajuana, wana habari za wiki nzima. Zoezi la kwanza la mafunzo liwe kunyamaza.

Kabla ya siku ya kwanza sharti liwepo pia jibu lililoandikwa kwa swali hili: mzee akitoa 190/112, nani anafanya nini? Kizingiti kinachotumika sana ni 180/110. Mtu wa kujitolea hatoi ushauri wa dawa. Anampumzisha mzee, anarudia kipimo, na kikibaki juu anamwita mfamasia au muuguzi papo hapo, na daktari anapewa taarifa siku hiyo hiyo. Kama kuna maumivu ya kifua, uzito wa ulimi au udhaifu wa upande mmoja, ni gari la wagonjwa, hakuna kurudia kipimo. Kamati ya maadili itauliza hili kabla ya jambo lolote, na iko sahihi.

Watu 577 kwa miji 20 ni karibu 29 kwa mji, na kila mji ulikuwa na wastani wa vikao 63. Tukichukulia wanne kwa kikao, ni zamu zipatazo 250, yaani karibu zamu 9 kwa kila mtu ndani ya wiki 10. Mzigo huo unabebeka. Ukiwa na nusu ya watu hao, kila mmoja anakuja karibu mara mbili kwa wiki, na kufikia wiki ya sita utaanza kupokea simu za udhuru.

Famasi 16 hazikushiriki. Mtafiti asilichukulie hilo kama aibu. Duka dogo halina kona tulivu ya kuweka viti vitatu na meza. Mwenye duka anahesabu nafasi ya sakafu kwa mauzo. Asilimia 89 ni kiwango cha juu sana kwa kazi ya namna hii, na kilipatikana kwa sababu asasi ya mji ndiyo iliyobisha hodi, mtu wa mji akiongea na mtu wa mji.

Kwa nini kura ilipigwa kwa miji

Hapa ndipo moyo wa kisa: kura ya bahati nasibu ndiyo iliyoamua ni miji ipi ipate programu na ipi isubiri kando kama kundi la kulinganisha. Njia iliyozoeleka ingekuwa kuwafuata wazee waliopimwa: presha yao mwanzoni, presha yao baadaye, tofauti. Njia hiyo ingetoa matokeo mazuri sana, na yangekuwa ya uongo kwa kiasi kikubwa.

Sababu ya kwanza ni namba kurudi kwenye wastani wake. Presha ya mtu inapanda na kushuka siku hadi siku. Ukimpima kila mtu mara moja na kuwachagua waliozidi 140, umewachagua pamoja wenye presha kweli na wale waliokuwa na siku mbaya. Wapime tena baada ya mwezi bila kufanya lolote: wastani wa kundi utashuka, kwa sababu wenye siku mbaya wamerudi kawaida. Kila programu ya presha isiyo na kundi la kulinganisha itaonekana imefaulu.

Ya pili ni nani anayekuja. Mzee anayeitikia mwaliko wa kupimwa ndiye pia anayekunywa dawa zake kwa saa na kutembea asubuhi. Ukimlinganisha na asiyekuja, unalinganisha tabia mbili za maisha, na famasi haina sehemu katika tofauti hiyo.

Ya tatu ni kwamba kitendo chenyewe ni cha mji. Tangazo la gazeti la mji, daktari anayepokea matokeo ya wagonjwa wake ishirini kwa mpigo, mfamasia anayeanza kuuliza maswali kwa kila mwenye umri huo: haya yanawagusa hata wale wasiokanyaga kikaoni. Ungepiga kura kwa mgonjwa mmoja mmoja ndani ya mji mmoja, walio kwenye kundi la kulinganisha wangepata nusu ya dawa hiyo kupitia daktari yule yule.

Kwa hiyo wakachukua miji 39 ya ukubwa wa kati, wakaipanga kwa eneo na wingi wa watu ili kura isije ikaangusha miji mikubwa yote upande mmoja, kisha 20 ikapata programu na 19 ikaachwa na huduma yake ya kawaida. Kilichohesabiwa ni kulazwa hospitalini kwa mshtuko wa moyo, kiharusi na moyo kushindwa kufanya kazi, kwa wakazi wote wa miaka 65 na zaidi wa miji yote 39, wawe wamehudhuria kikao au hawajawahi kusikia habari zake. Mwaka uliotangulia programu ukalinganishwa na mwaka uliofuata.

Gharama ya kura ya makundi hulipwa kwa takwimu, na idara nyingi huishtukia wakati mkaguzi wa jarida ameshaandika barua. Watu wa mji mmoja wanafanana: hospitali moja, madaktari wale wale, chakula kile kile. Kwa hiyo wazee 3,500 wa mji mmoja hawaleti taarifa ya watu 3,500 wanaojitegemea. Namba ya kugawia idadi hiyo hupatikana hivi: moja, jumlisha idadi ya watu wa kundi ukitoa moja, mara kipimo cha jinsi watu wa kundi moja wanavyofanana. Kipimo hicho kikiwa 0.001 tu, namba inayoonekana si kitu, kundi la 3,500 linatoa 1 + 3,499 × 0.001, yaani karibu 4.5. Gawanya 3,500 kwa 4.5: una taarifa ya watu wasiofika 800. Kuongeza wazee ndani ya mji ule ule hakusaidii tena. Kinachosaidia ni kuongeza miji. Anayepanga jaribio la namna hii kwa makundi sita kwa sababu bajeti imeishia hapo ajue mapema kwamba hata akipata matokeo makubwa, hatoweza kuyatetea.

Nani anahesabu

Matokeo kama haya yangehitaji jeshi la wakusanya taarifa kama yasingekuwa yanahesabiwa tayari. Ontario ina bima ya umma, OHIP, na kila mkazi ana namba yake ya afya. Kila mgonjwa anayeruhusiwa kutoka hospitalini anaacha muhtasari uliopangwa kwa alama za uainishaji wa magonjwa: katika ICD-10, I21 ni mshtuko wa moyo, I50 ni moyo kushindwa kufanya kazi. Taasisi ya ICES mjini Toronto inaunganisha rejista hizi kwa namba zilizofichwa. Sheria ya jimbo ya mwaka 2004 ya kulinda taarifa za afya, PHIPA, inaitambua kama taasisi yenye ruhusa ya kufanya hivyo bila kumwomba ridhaa kila mkazi. Mzee aliyepimwa famasi alitoa ridhaa ya taarifa zake za kikaoni kupelekwa kwa daktari. Mzee ambaye hakuja anaonekana tu kama hesabu ndani ya jumla ya mji wake.

Faida yake ni kubwa kuliko kupunguza gharama. Hakuna mshiriki anayepotea njiani, kwa sababu hakuna aliyefuatwa. Hakuna anayeripoti kulazwa kwake vizuri zaidi kwa kuwa anaipenda programu. Anayeandika alama hospitalini hajui kama mji wake uko upande gani wa kura, wala hajali.

Lakini rejista ina mitego yake. Mtu anawekwa kwenye mji kwa msimbo wa posta wa makazi yake. Kanada, msimbo ambao herufi yake ya pili ni sifuri ni wa vijijini, na mmoja unaweza kutanda eneo kubwa lenye vijiji kadhaa. Mzee anayeishi kilomita ishirini nje ya mji, ananunua dawa mjini na kulazwa mjini, anaweza kuhesabiwa ndani au nje kutegemea jinsi mtafiti alivyochora mpaka. Mpaka huo unachorwa kabla ya kura, unaandikwa kwenye itifaki, yaani mpango wa utafiti, na hauguswi tena baada ya matokeo kuonekana. Vivyo hivyo orodha ya alama za magonjwa. Mtafiti anayeamua baada ya kuona takwimu kama kiharusi cha kuvuja damu kihesabiwe au kisihesabiwe ameshaharibu kazi, hata kama nia yake ni njema.

Na ombi la data halijazwi wiki moja. Itifaki, kibali cha maadili, mkataba wa data, orodha ya vigezo: anza siku unayoanza kuandika ombi la fedha, usisubiri vikao viishe.

Matokeo, na jinsi ya kuyasoma

Baada ya kurekebisha kwa viwango vya mwaka uliotangulia, uwiano wa kulazwa kati ya miji ya programu na miji mingine ulikuwa 0.91, na kingo za uhakika wa asilimia 95, yaani mipaka ambamo thamani ya kweli inaaminika kuwamo, zilikuwa 0.86 hadi 0.97. Kwa namba kamili ni pungufu ya kulazwa 3.02 kwa kila wazee 1,000 kwa mwaka.

Asilimia 9 inasikika kwa namna moja na 3 kwa 1,000 kwa nyingine, na ripoti inayotaja moja tu imeficha kitu. Ukigawa 3.02 kwa 0.09 unapata kiwango cha msingi cha takriban 33 hadi 34 kwa 1,000. Chukua mji wa watu 30,000 wenye wazee 4,500: ni kulazwa 13 au 14 pungufu kwa mwaka. Kwa hospitali ya mji wa ukubwa huo, hivyo ni vitanda. Ukizisoma kingo kwa namna hiyo hiyo, pungufu linaweza kuwa 1 tu kwa 1,000 au karibu 5.

Ndani ya jumla hiyo magonjwa matatu hayakwenda pamoja. Mshtuko wa moyo: 0.87, kingo 0.79 hadi 0.97. Moyo kushindwa kufanya kazi: 0.90, kingo 0.81 hadi 0.99. Kiharusi: 0.99, kingo 0.88 hadi 1.12. Hili la kiharusi linapaswa kumsumbua msomaji, kwa sababu kati ya matatu hayo kiharusi ndicho kinachofungamana na presha kuliko vyote. Programu ya presha inayopunguza mshtuko wa moyo na kuacha kiharusi palepale inadai maelezo. Kingo zake ni pana: zinakubaliana na pungufu la asilimia 12 na pia na ongezeko la asilimia 12, hivyo kusema "haikufanya kazi kwa kiharusi" ni kusema zaidi ya kilichopo. Inawezekana pia kwamba mzee aliyeelimishwa kuhusu dalili anakimbilia hospitali kwa udhaifu mdogo wa mkono ambao zamani angeulalia, akilazwa, amehesabiwa. Maelezo hayo yanaingia akilini, ila hayajathibitishwa na takwimu hizi, na uandishi mwaminifu unayaacha hapo.

Kipimo cha jumla kinachounganisha magonjwa matatu kina hatari hiyo siku zote: kinaongeza idadi ya matukio na nguvu ya takwimu, lakini kikibebwa na mawili kinalivalisha la tatu sifa lisilostahili. Watafiti walitoa kila kimoja peke yake, na hivyo ndivyo inavyopaswa.

Swali gumu zaidi ni ukubwa wenyewe. Waliohudhuria walikuwa sehemu tu ya wazee wa miji hiyo, na kwa wastani kila mmoja alipimwa chini ya mara mbili. Ili mji mzima ushuke kwa asilimia 9 ndani ya mwaka mmoja, ama waliohudhuria walifaidika sana, ama faida ilisambaa kupitia madaktari na wafamasia. La pili linaelekea zaidi ukweli kwa maoni yetu. Barua yenye wastani wa vipimo vitano, iliyotoka kwenye mashine isiyoongopa, inamwondolea daktari kisingizio cha "tuangalie tena mwezi ujao". Jaribio lenyewe, hata hivyo, halitenganishi vipande: mashine, barua kwa daktari, mfamasia, elimu, rika. Idara inayoiga kipande kimoja, tuseme mashine ya presha pembeni ya kaunta bila barua kwa daktari, haina haki ya kutegemea asilimia 9.

Mwaka mmoja nao ni mfupi. Viwango vya kulazwa vinayumba, na miji 39 si mingi. Kurekebisha kwa mwaka uliotangulia kunasaidia sana kwa sababu mji wenye kulazwa kwingi mwaka huu huwa na kwingi mwaka ujao, lakini jaribio moja linabaki jaribio moja.

Swali lilipohamishiwa majengoni

Programu nyingi hufa hapa: makala imetoka, fedha zimeisha, mratibu ameajiriwa kwingine. Katika idara ile ile ya McMaster, Gina Agarwal na wenzake walichukua muundo huu wakaupeleka kwa watu wasiofika famasi: wazee wa kipato cha chini wanaoishi kwenye majengo ya nyumba za umma, ambao huita gari la wagonjwa mara nyingi. Programu hiyo, CP@clinic, inamweka mhudumu wa gari la wagonjwa kwenye ukumbi wa jengo siku moja kwa wiki: anapima presha, anajaza dodoso la hatari ya kisukari, anaangalia hatari ya kuanguka, anatoa elimu na kupeleka taarifa kwa daktari wa familia.

Jaribio lao, lililochapishwa 2018 katika jarida la CMAJ, lilikuwa na majengo 30, nusu kwa nusu kwa kura. Tazama walichohesabu: simu za kuita gari la wagonjwa kwa kila nyumba 100 kwa mwezi. Kigawanyo ni nyumba. Wapangaji wanahama, wanafariki, wanaingia wengine, na hakuna rejista inayojua kila siku nani analala wapi; nyumba inabaki na namba yake, na idara ya magari ya wagonjwa inaandika anwani ya kila simu. Majengo ya programu yalikuwa na wastani wa simu 3.11, mengine 3.99. Kwa jengo la nyumba 100 hiyo ni pungufu ya simu 10 au 11 kwa mwaka.

Muundo huo ulivuka pia bahari hadi rasi ya Zamboanga, Ufilipino, ambako wahudumu wa afya wa jamii walichukua nafasi ya watu wa kujitolea na lengo likawa kisukari. Huko rejista ya kulazwa inayofuata kila mkazi kwa namba moja haikuwapo ya kuegemea, kwa hiyo matokeo yakapimwa kwenye damu ya sampuli ya watu wazima wa kila jamii: HbA1c, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu. Hesabu ya kazi inageuka kabisa. Sasa kunahitajika orodha ya kaya za kuchagua sampuli, timu ya kuchukua damu mara mbili, ubaridi wa kusafirishia, maabara moja kwa sampuli zote ili tofauti ya mashine isije ikageuka tofauti ya makundi, na tahadhari kwamba upungufu wa damu na magonjwa ya kurithi ya himoglobini yanapotosha HbA1c. Kipimo cha mwisho hakiwezi kufanyika wiki ya sita, maana chembe nyekundu za damu huishi siku zipatazo 120 na sukari ya zamani bado imo ndani yake. Mtu wa Kakamega au Dodoma anayetaka kuanzisha kitu cha namna hii yuko karibu zaidi na hali hii kuliko ile ya Ontario: takwimu za kituo zinamwambia wangapi walilazwa pale, na hazimwambii walitoka mtaa gani. Aanze kwa kuuliza ni daftari gani katika eneo lake linaandika anwani kila siku, bila yeye kuomba, kisha apange kura yake kuzunguka daftari hilo.